Tulivyomwigiza Sade katika ukumbi wa kanisa, Kisumu

Filamu ya Quills, ya mwaka 2000, niliitazama mara tatu kabla ya kuthubutu kuandika mchezo wangu. Marquis de Sade, mwandishi Mfaransa wa vitabu vya ngono na ukatili, aliyefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Charenton, ananyang'anywa kalamu, anaandika kwa damu yake, anakatwa ulimi, na mwisho anakufa kwa kusakamwa na msalaba alioumeza. Nililia. Vijana ninaowafundisha uigizaji hapa mtaa wa Manyatta wamezoea kufutiwa mistari kabla ya kupanda jukwaani, nikasema kisa hiki ni chao.

Ukumbi wa bure tuliokuwa nao ni wa kanisa. Wiki ya pili ya mazoezi tukakuta kufuli jipya mlangoni: wazee walikuwa wamesikia Sade ni nani.

Sikwenda kubishana. Nilichukua mswada mzima nikampelekea mwenyekiti wa kikundi cha akina mama nyumbani kwake, nikamwomba ausome wote, pamoja na zile kurasa nilizojua zitamuudhi. Alikaa nao siku nne, kisha akaniita chai.

"Japuonj," akaniambia, yaani mwalimu kwa Kijaluo, "huyu bwana naona unamlilia sana. Yule mama aliyepigwa naye yuko wapi?"

Nilikuwa nimemtaja kwa mstari mmoja tu. Rose Keller, mjane aliyekuwa akiombaomba Paris. Siku ya Pasaka, mwaka 1768, Sade alimhadaa kwa ahadi ya kazi, akampeleka nyumba yake ya Arcueil, akamfungia na kumchapa, hadi akatoroka kupitia dirishani. Niliona aibu mbele ya kikombe kile cha chai. Nilikuwa nimemtetea mwandishi hadi nikamsahau mtu.

Nikarudi vitabuni. Ulimi haukukatwa kamwe. Sade alifia Charenton tarehe 2 Desemba 1814, akiwa na miaka 74. De Coulmier, kasisi aliyeongoza hospitali, ndiye aliyemwachia aandae michezo na wagonjwa, watu wa Paris wakija kutazama, hadi serikali ilipoipiga marufuku mwaka 1813. Na baada ya kifo chake ni mwanawe mwenyewe aliyetaka miswada ya mwisho ichomwe. Hilo liliniuma kuliko ulimi. Polisi unaweza kumkimbia, lakini mwanao?

Niliandika upya. Mchezo ukaanza na Rose, kengele za Pasaka zikilia. Kasisi akawa moyo wa kisa. Maneno ya Sade hayakusikika hata moja: anaandika, mwingine anasoma kimya, na hadhira inatazama uso wa msomaji tu. Binti aliyepewa nafasi hiyo alifanya mazoezi na kioo kwa siku nyingi.

Wazee walitoa masharti matatu: pasiwe na uchi, pasiwe na matusi, na mwishoni Sade atubu. Mawili ya kwanza tayari tulikuwa tumeyatimiza. La tatu nilikataa. Katika wosia wake wa mwaka 1806 aliomba mbegu za mwaloni zipandwe juu ya kaburi lake ili lisionekane tena. Hicho si kilio cha mtu aliyetubu. Tulivutana jioni nzima. Aliyeniokoa ni mama mwenyekiti.

"Mkimtubisha mtu ambaye hakutubu," akawaambia wazee, "mtakuwa mmedanganya ndani ya nyumba ya Mungu. Na Rose naye atakuwa amelazimishwa kusamehe."

Ufunguo nilipewa kesho yake.

Jumamosi ya onyesho ukumbi ulijaa, wengine wakasimama madirishani. Mama mwenyekiti alikaa mstari wa mbele. Kengele zilipolia, Rose akashuka jukwaani, akapita mbele ya watu akinyoosha mkono, kama tulivyofanya mazoezi. Mama alifungua mkoba wake, akatafuta kwa muda, akamwekea sarafu kiganjani.