Jogoo alivyonifungia ndani kwangu mwenyewe

Jamani mie ni mama mzima wa watoto watatu, ila mwaka jana kwa kama miezi miwili nilikuwa nachungulia dirishani kwanza jogoo yuko upande gani ndo nitoke kuanika nguo. Chekeni tu.

Nilimnunua akiwa pora, chotara wa kuchi, elfu 30 na kitu, wanangu wakawa wanamlisha wali mkononi kila siku. Hapo ndo tulipoharibu, jogoo aliyezoea mikono ya watu hana woga, akibalehe anakuona na wewe jogoo mwenzie. Alipogonga miezi saba hivi akaanza, anashusha bawa, anakuzunguka kiubavuubavu, ukigeuka tu kipi, ule mwiba wa mguuni kwake, kiko kwenye shavu la mguu wako. Mie alinitoboa damu ikachuruzika mpaka kwenye ndala nikaenda kuchoma sindano ya pepopunda. Jogoo tukampa jina la Mjumbe maana hakuna aliyeingia getini bila kupita kwake.

Sasa washauri! Eti mpige mpaka akome. Nikampiga na fagio la chelewa, kumbe ndo nimemfungulia mechi, kila asubuhi ananisubiri mlangoni turudiane. Mwingine eti mmwagie maji, akalowa, akajikung'uta, akaja.

Nikaona isiwe tabu, nikavaa gambuti za baba watoto nikashika mfuniko wa sufuria kubwa la pilau, ule wa stenlesi unaong'aa, nikaenda bandani kuokota mayai kama askari wa kutuliza ghasia. Mjumbe kuangalia mfuniko akaona jogoo mwingine! Alivyouvamia sijapata kuona, pwaa pwaa pwaa, mie nyuma yake natetemeka majirani wamejaa ukutani. Basi nikapata akili, nikawa nauegemeza kwenye mwembe, yeye anapigana na kivuli chake mie naokota mayai kwa raha zangu. Siku tatu nikajiona mjanja kweli, ya nne nikamkuta kilemba chote damu na hasira zimezidi, na mfuniko umebonyea. Wa mama mkwe huo.

Aliyeniokoa ni mzee anayeuza kuku sokoni. Akaniambia mwanangu usimpige, mwaibishe mbele ya wake zake. Usiku nikamtoa bandani, gizani kuku haoni kitu hata hasumbui, tukakata ile ncha ya kipi tu (usikate chini, kuna damu). Asubuhi nikambana kwapani, mbawa zimebanwa, miguu nimeishika, nikamwaga pumba matetea wakala yeye anatazama. Nikafagia naye, nikaongea na simu naye, dakika 20 mpaka atulie kabisa ndo namshusha, maana ukimshusha bado anapapatika umeshindwa wewe. Na akikujia usirudi nyuma hata hatua moja, msogelee taratibu mpaka yeye ndo apishe. Wanangu nikawapiga marufuku uani muda wote huo, kipi cha jicho si mchezo.

Wiki ya tatu akawa akiniona anajifanya anadonoa majani.

Kijana wa gesi bado hamtaki, yule anapiga simu akiwa nje ya geti. Na jirani yangu mpaka leo nikipita ananiuliza, mama, mkoba wako leo umeuacha wapi?