Zaburi ya 23 kando ya kitanda

Zaburi ya 23 tunaijua kwa ghibu tangu shule ya Jumapili, na huenda ndiyo sababu hatuisikii tena. Isome polepole ukisikiliza viambishi. "Katika malisho ya majani mabichi hunilaza, kando ya maji ya utulivu huniongoza." Hiyo hu- haimtaji hata mtendaji, inasimulia mazoea, kama mtu anayemsifia mchungaji wake kwa jirani. Ukifika mstari wa 4, bondeni, msemo unageuka: "Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya, kwa maana Wewe upo pamoja nami." Giza linapozidi, Daudi anaacha kusimulia habari za Mungu na kuanza kusema naye. Watafsiri wetu hawakulitunga geuko hilo, limo katika Kiebrania.

(Mkiisoma mbele ya vijana, jiandaeni kwa "gongo lako na fimbo yako". Gongo wanalolijua wao linauzwa kwa siri kwenye chupa. Waelezeni kwamba ni kigongo cha kumpigia mnyama mkali, na fimbo ni ya kumrudisha kondoo njiani, kisha endeleeni.)

Tafakari ya juma hili ni kwa wanajumuiya wanaokwenda kumwona mgonjwa ambaye hatarajiwi kupona. Wengi wetu hufika pale na maneno mengi kuhusu Mungu, wakati mgonjwa anahitaji kusaidiwa kusema na Mungu.

Kwanza, hofu yake isichukuliwe kuwa upungufu wa imani. Katika Marko 14 Yesu mwenyewe "akaanza kufadhaika sana na kuhangaika". Aliomba mara tatu, na Marko anasema alirudia neno lilo hilo, hakutafuta sala mpya yenye ufasaha zaidi. Kwa rafiki zake aliomba jambo dogo tu: "kaeni hapa, mkeshe." Wakalala. Paulo naye anayaita mauti adui, "adui wa mwisho" (1 Wakorintho 15:26), na mtu akimwogopa adui hajakosa adabu.

Basi kaa. Nendeni wawili au watatu, si jumuiya nzima na ngoma. Vuta kiti, uso wako uwe sawa na wake, kwa sababu mtu aliyelala akisimamiwa hujiona kama anahojiwa. Dakika kumi na tano zinatosha. Kisha muulize kwa upole, "Unaogopa nini hasa?" na unyamaze mpaka ajibu.

Jibu lake ndilo litakalokuonyesha la kufanya, maana hofu ya mauti ni hofu nyingi zilizofungwa pamoja. Mwingine anaogopa maumivu. Huyo usianze na Maandiko, anza na muuguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Waumini wengi hukataa mofini ya maji wakidhani ni dawa ya kummalizia mtu au itamfanya mlevi, lakini ikitolewa kwa kipimo cha daktari kazi yake ni kutuliza maumivu. Kosa la kawaida ni kusubiri mpaka maumivu yapande ndipo apewe. Inatakiwa kwa saa zake, maana maumivu yakishapanda ni vigumu kuyashusha. Mtu asiye na maumivu makali anaweza kusali. Mwingine anawaza deni, shamba, au mtoto atabaki na nani: leteni karatasi na mashahidi siku hiyohiyo. Mwingine ana ndugu hawajasemezana miaka mingi, naye anataka aitwe.

Na yupo anayeogopa hukumu. Huyu usimwambie alikuwa mtu mzuri, anajijua. Msomee Yohana 6:37, "wala ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe", kisha mwite padre au mchungaji mapema. Kwa Wakatoliki, Mpako wa Wagonjwa haukuwekwa kwa ajili ya mtu anayekata roho peke yake. Unafaa tangu ugonjwa unapokuwa mzito, kabla ya upasuaji mkubwa, na unaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Familia huchelewa kwa kuhofu kwamba mgonjwa akimwona padre atakata tamaa. Matokeo yake padre anafika mgonjwa hawezi tena kuungama wala kumeza Komunyo.

Kuna jambo moja tunaliona mara nyingi na linaumiza: kumtabiria uzima mtu anayejua kwamba anakufa. "Hutakufa, bali utaishi!" kwa sauti ya mkutano wa injili. Katika Zaburi ya 118 maneno hayo ni ya mtu anayejisemea mwenyewe: "Sitakufa bali nitaishi." Ukimbandika mgonjwa, umemfunga mdomo, maana akiaga ataonekana amekosa imani. Anakufa bila kuwaambia watoto alilotaka kuwaambia. Kuomba uponyaji ni halali, Yakobo 5 inatuagiza. Omba, kisha mwachie nafasi ya kuaga.

Msibani kosa ni lilelile. "Kazi ya Mungu haina makosa," tunamwambia mama aliyefiwa jana usiku. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni maneno ya Ayubu, aliyekuwa amefiwa na watoto wake mwenyewe. Hakuna aliyeyasema kwa niaba yake. Rafiki zake walifanya vema siku saba walizoketi naye chini bila kunena neno. Walipofungua midomo kumfafanulia Mungu ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu anawakemea wao na kumkubali Ayubu aliyemlalamikia uso kwa uso.

Tazama pia Bethania. Lazaro ana siku nne kaburini. Martha anasema, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu anakuja, anarudia yaleyale. Martha anajibiwa kwa mafundisho, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima". Mariamu hapewi fundisho lolote: Yesu analia. Kabla ya kufungua Biblia msibani, angalia kwanza uko mbele ya Martha au Mariamu. Ukishindwa kujua, "pole" na mkono wako vinatosha kwa siku ya kwanza.

Turudi kitandani, saa za mwisho. Mikono na miguu hupoa, pumzi hukatika na kurudi, koo hukoroma. Usimnyweshe maji kwa nguvu ukidhani ni huruma. Kumeza kumeshashindikana, atapaliwa. Lowesha pamba au kitambaa safi, umpanguse midomo. Msijadili mazishi juu ya kichwa chake, maana huenda bado anasikia. Mwite kwa jina analoitwa nyumbani.

Sala ya wakati huo iwe fupi. Yesu msalabani alichukua mstari wa Zaburi ya 31 akaongeza neno moja mbele: "Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu." Ni maneno sita. Kanisa huutumia mstari huo katika Sala ya Usiku kila siku, kabla ya kulala, na ni vizuri kuuzoea tukiwa wazima, kwa kuwa kitandani pale hakuna anayejifunza sala mpya. Juma hili useme kila usiku taa ikishazimwa: "Baba, mikononi mwako" ukivuta pumzi, "naiweka roho yangu" ukiitoa.

Kwa mgonjwa asiyeweza kusema, sema wewe kwa ajili yake, karibu na sikio, ukiufuata mwendo wa pumzi yake na si wa kwako. Pumzi ikisita, ngoja. Ikirudi, endelea.