Wapelelezi wa akiba wa Alberta

Rejimenti ya South Alberta Light Horse, yenye makao yake Edmonton na Medicine Hat nchini Kanada, ni kikosi cha akiba, na askari wake wengi wana kazi au masomo yao ya kila siku, wakivaa sare jioni na mwisho wa juma. Kazi yao ni upelelezi: kuwatangulia wenzao kwa magari mepesi, kutafuta adui alipo, kukagua kama daraja litahimili magari yanayofuata, kisha kuripoti kwa redio idadi, shughuli, mahali, saa na zana, bila adui kutambua kwamba ameonekana. Risasi ikilia mapema, mara nyingi kazi hiyo imeshaharibika.

Ndiyo maana historia yao hunigusa sana, kwa kuwa sifa yao kubwa kabisa ilitokana na siku ambazo wapelelezi hawakuwa na nafasi ya kujificha.

Rejimenti hii iliundwa mwaka 1954 kwa kuunganisha vikosi vya zamani, kimojawapo kikiwa South Alberta Regiment, kilichoanza vita mwaka 1940 kama kikosi cha askari wa miguu, kikageuzwa kuwa cha vifaru, na kufika Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, kikiwa kikosi cha upelelezi cha Divisheni ya 4 ya Vifaru ya Kanada. Mwezi Agosti 1944, Wajerumani wakiwa wamebanwa karibu na mji wa Falaise huko huko Normandy, Meja David Currie alipewa vifaru vichache, mizinga ya kupambana na vifaru na askari wa miguu, akaamriwa aifunge njia yao ya kutorokea katika kijiji cha Saint-Lambert-sur-Dive. Mapigano yaliendelea kuanzia tarehe 18 hadi 20, na maofisa wote waliokuwa chini yake waliuawa au kujeruhiwa. Taarifa rasmi ya Msalaba wa Victoria aliotunukiwa, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, inataja vifaru 7, mizinga 12 ya milimita 88 na magari 40 yaliyoteketezwa, pamoja na mateka 2,100.

Hesabu hizo hunukuliwa sana. Mimi hurudia zaidi maneno ya taarifa hiyo yanayosimulia kwamba Currie, baada ya siku tatu usiku na mchana karibu bila pumziko, alipokewa zamu, akahakikisha kwanza kwamba makabidhiano yamekamilika, ndipo akashikwa na usingizi akiwa amesimama, akaanguka. Hapo naiona nidhamu ya mpelelezi ikiwa hai katikati ya mapigano: huondoki kabla anayekupokea hajajua yote unayoyajua wewe.

Wanajeshi wa akiba wa Kanada wamehudumu Afghanistan, na huitwa pia nyumbani wakati wa mafuriko na moto wa misitu, ambako barabara lazima ikaguliwe na taarifa sahihi ifike kabla ya malori kuondoka. Laiti ningekuwa ninawafundisha vijana wanaojiunga na rejimenti hii, ningewasimulia habari ya makabidhiano yale kabla ya ile ya vifaru 7.