Wacheza ngoma wa mawe wa Belur

Mlioko Bengaluru, India, kwa masomo au kwa kuuguza mgonjwa, mkipata siku ya mapumziko nendeni mji wa Belur kupitia mji wa Hassan. Mimi nilifuata picha tu, nikaishia kushinda pale nimeinua shingo.

Hekalu la Chennakeshava liliwekwa wakfu mwaka 1117, enzi za mfalme Vishnuvardhana wa ukoo wa Hoysala. Juu ya nguzo, chini ya ukingo wa paa, wameegemea wanawake wa mawe waitwao madanika, walio wa jamii moja na apsara, wale wacheza ngoma wa mbinguni kwenye baraza la Indra, mfalme wa miungu ya Kihindu. Mmoja anajitazama kwenye kioo. Mwingine anapiga ngoma, kiuno kimepinda hadi unajiuliza jiwe limekubalije. Yuko anayelenga ndege kwa upinde. Na yuko anayevutwa nguo na tumbili! Huyo ndiye wangu.

Jiwe la sanamu hizi ni laini likitoka machimboni, kisha hukakamaa likipigwa na hewa, ndiyo maana mikufu na bangili zimetobolewa kama kazi ya sonara. Wachongaji kadhaa wameandika majina yao chini ya sanamu. Wana haki ya kujidai, mtu asiwaambie kitu.

Tangu 2023 hekalu limo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, pamoja na mahekalu ya Halebidu na Somanathapura.

Viatu vinaachwa nje, kwa hiyo bebeni soksi. Saa sita mchana ile sakafu inaunguza.