Mto umegeuka tui

Jumatano asubuhi napita darajani Tandale hapa Dar nawahi daladala, nakuta watu wamejaa wanaangalia chini, nikajua kuna mtu kaanguka. Kumbe Mto Ng'ombe umegeuka mweupe. Yaani mweupe kama tui la kwanza. Na mvua hamna wiki ya pili sasa, kwahiyo sio ile ya watu kutapisha vyoo, ile rangi yake na harufu yake tumeshaizoea Mungu atusamehe.

Kila mtu na lake. Mama ntilie anasema hiyo rangi ya ukutani, wa bodaboda anasema sabuni, mzee mmoja akasema laana akaendelea na safari yake. Mi kazini nikachelewa makusudi nikaanza kuufuata mto kurudi juu kuelekea Sinza.

Na hili ndo nililotaka kuwaambia wenzangu mnaokaa kando ya hii mito ya mjini, ukiona uchafu usigande pale ulipouona, panda nao. Kila mfereji unaoingia mtoni simama, angalia maji ya juu yake na ya chini yake. Nimepita mifereji kama mitano hivi huku na huku kweupe tu, afu nikafika mmoja wa zege, chini yake tui, juu yake kijivu cha siku zote. Hapo nikapiga picha, nikaandika saa 2 na dakika 40, nikatafuta chupa ya maji nikaisuuza mara tatu na maji yale yale, nikaijaza mpaka juu nikafunga. Mkono nilivalisha mfuko wa plastiki, msiingize mikono mitupu jamani. Mfereji wenyewe unapita chini ya barabara na huko nyuma ni mageti matupu, kwahiyo simnyooshei mtu kidole.

Kuna siku nyingine utakuta utando wa rangi rangi juu ya maji, uguse na kijiti: ukivunjika vipande vipande kama gamba mara nyingi ni bakteria tu wa asili, ukijirudi kuungana hayo mafuta.

Nikapiga simu ofisi moja inayohusika. Wakaja Ijumaa. Ijumaa! Maji yapo kijivu kama kawaida, jamaa ananiangalia kama nimetoka kuvuta kitu. Uchafu wa hivi unakaa masaa tu, unaingia Mto Msimbazi unaenda zake baharini, ila njiani huko bondeni kuna watu wanamwagilia mchicha na huo mchicha tunaula mimi na wewe.

Mnakumbuka Machi 2022 Mto Mara ulivyokuwa mweusi samaki wakafa, kamati ikaja na jibu la kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza, mtandaoni watu wakacheka mpaka basi. Huku kwetu mto wenyewe ndo unaitwa Ng'ombe, jibu wanalo tayari.

Jamaa nilimpa picha akazipokea, chupa akasema tuitunze watafuata. Basi ipo kwenye friji pembeni ya dagaa, nimeizungushia mifuko miwili. Juzi mdogo wangu kidogo aitie sukari, sasa mama kaandika juu kwa maka peni SIO MTINDI na kila asubuhi ananiuliza hao watu wako wanakuja lini.