Makosa ya Kiingereza Yanayozaliwa na Kiswahili Chetu

Ndugu yangu mmoja alikwenda kutibiwa kwa daktari asiyejua Kiswahili, akaulizwa, "You haven't taken any medicine today?" Akajibu, "Yes," akimaanisha kwamba ni kweli hajanywa dawa yoyote, naye daktari akaelewa kwamba amekwisha kunywa. Kosa liligundulika mapema, lakini tangu siku hiyo siwezi kuliita kosa dogo. Kwa Kiswahili, anayeulizwa "Hujala?" hujibu "Ndiyo, sijala", kwa kuwa "ndiyo" yetu hukubaliana na kauli ya aliyeuliza, ilhali "yes" ya Kiingereza haijali swali limeulizwaje, bali hutazama kama jambo lenyewe limetendeka. Jibu salama ni "No, I haven't", nami huwasisitizia wanafunzi wangu walitamke lote.

Nimefundisha Kiingereza kidato cha kwanza kwa miaka mingi hapa Tanzania, ambako mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili hufika sekondari na kukuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Kadiri ninavyosahihisha madaftari, ndivyo ninavyoamini kwamba mengi tunayoyaita uvivu ni sarufi ya Kiswahili inayofanya kazi yake kwa uaminifu mahali isipohitajika.

Tazama sentensi hii: "Juma loves her wife." Tumezoea kusema kwamba tatizo ni "yeye", ambaye kwetu ni mwanamume na pia mwanamke, na hilo ni kweli kwa anayeandika "My mother is sick, he is in hospital". Kwa Juma, hata hivyo, naona jambo la ndani zaidi. Kivumishi chetu cha kumiliki hufuata ngeli ya kinachomilikiwa: kitabu chake, nyumba yake, mke wake. Mwanafunzi hulitazama neno linalomilikiwa, akamwona mwanamke, akaandika "her", wakati Kiingereza humtazama mwenye kumiliki. Tangu nilipoanza kuwaambia wajiulize "Ni wa nani?" kabla ya kuandika, kosa hili limepungua sana darasani kwangu.

Wingi nao una mitego yake. "Nywele zangu ni ndefu" huzaa "My hairs are long", na "maji ni ya moto" huzaa "The water are hot", kwa sababu Kiingereza huzichukua nywele za kichwani, na maji vilevile, kama kitu kimoja kisichohesabika. Mtego mwingine, usio wa wingi, ni "nina": "Nina miaka 14" huzaa "I have 14 years", ilhali Kiingereza husema "I am 14 years old".

Kuhusu "I did not went", siwezi kukilaumu Kiswahili peke yake, maana hata watoto wa Waingereza hulisema wanapojifunza kuongea. Hata hivyo "sikuenda" yetu hubeba ukanushi, wakati na tendo ndani ya neno moja, ilhali Kiingereza huuacha wakati uliopita kwenye "did" na kukirudisha kitenzi katika umbo lake la msingi. Mwanafunzi huiona "go" imebaki bila wakati wowote, akaona ni haki aivishe, akaandika "went".