Mguu wa Simba Jike

Salim amefaulu mtihani wa udereva, mimi nimerudishwa zamu ya mchana, na bado tangu Jumamosi usingizi haunijii.

Nilimpeleka Mama British Museum, London, akaone mawe ya kuchongwa ya Ninawi, mji wa Nabii Yunus, ambao alikuwa akinisimulia tangu sijaanza madrasa. Yalipamba kasri la mfalme Ashurbanipal wa Ashuru, karne ya 7 KK, hadi Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, alipoyafukua mwaka 1853. Katika michoro ya mawe hayo simba wanafunguliwa vizimba na mfalme anawangoja na upinde. Kwingine anamimina mvinyo juu ya mizoga yao. Hapo Mama alipita haraka.

Kwa simba jike akasimama. Mishale mitatu mwilini, damu imechongwa ikichuruzika. Mmoja umemwingia mgongoni, na miguu ya nyuma inaburutwa chini kama nguo iliyolowa. Mama akaegemea bakora yake, akasema taratibu, "Mguu wangu huu ndio ule pale."

Nikamjibu, "Mama, usiseme hivyo. Twende, basi litatuacha."

Jibu hilo nimelirudia nikiosha vyombo, nikipanga foleni, nikiwavisha wazee wa watu kazini. Tangu apooze mwezi wa tatu, Mama hajautaja mguu wake mbele yangu hata mara moja. Siku aliyoutaja nikamkatiza, kwa ajili ya basi linalopita kila baada ya dakika chache.

Jana usiku nikimkanda kwa mafuta ya nazi, nikamwomba radhi. Akanitazama kwa mshangao.

"Kwani ulidhani nasikitika? Mikono yake hukuiona?"

Nikafungua picha kwenye simu, nikaikuza. Lo! Miguu ya mbele imekaza, msuli wa bega umetuna, shingo imenyooka, mdomo wazi. Bado anamngurumia aliye mbele yake.

"Huyo anakwenda," Mama akasema. "Na aliyemchonga alimtazama sana."

Jina la mfalme tunalo, la fundi hatunalo, na mimi tangu jana ni huyo fundi ninayemwaza. Mama ameniomba tumrudie simba wake, safari hii tukae mpaka atosheke. Tutakwenda.

Ila Salim amekazania kuendesha gari hadi Birmingham Jumapili, peke yake, na redio imetangaza barafu barabarani.